Mwanagenzi Mbele ya Kazi ya Fundi

Jina la Morogoro limo katika historia ya uchoraji wa Tanzania, lakini si kwa sababu ya milima yake. Morogoro Stores lilikuwa duka la Oysterbay, Dar es Salaam, na hapo ndipo Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora mwaka 1968, alipopata wanunuzi. Alitumia rangi za baiskeli na vipande vya ubao wa dari, vya mraba, takribani sentimita 60 kila upande.

Darasa hakuwa nalo. Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Ajaba Abdallah walijifunza kwa kuketi kando yake na kufuatisha alichofanya. Mwana wa mhunzi asiposana hufukuta: asiyeweza bado kumchora mnyama huanza na rangi ya chini. Tingatinga aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Mtindo wake haukuzikwa naye, kwa kuwa ulikwisha kuhamia katika mikono ya wengine, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake.

Mikono hujifunza nini hasa? Mtazame chui aliyechorwa kwa mtindo huo. Mpita njia huona madoa tu. Anayemfuatisha hulazimika kuuliza lipi lilitangulia. Rangi ile ya baiskeli ikiguswa mbichi huchafuka. Kwa hiyo rangi ya chini hukauka kwanza, likafuata umbo la mnyama, kisha doa, na ndani ya doa, doa dogo zaidi.

Kufuatisha kazi ya fundi hakuko Tanzania tu. Huko Paris, jumba la Louvre, lililofunguliwa kwa umma mwaka 1793, hadi leo huwapa wachoraji vibali vya kunakili kazi za kale, kwa sharti kwamba nakala isilingane ukubwa na kazi yenyewe. Ni sharti la haki. Nakala ni ya kujifunzia. Ikitiwa jina la fundi na kuuzwa, ni udanganyifu.

Kijana wa Morogoro aliyekwisha kumfuatisha chui mara nyingi ana milima ya Uluguru mlangoni pake. Katika misitu ile yuko ndege asiyepatikana kwingine duniani: kichwa cheusi, mgongo wa kijani, kifua cha njano. Hapo hana mchoro wa fundi wa kutazamia. Anapaka kijani, anaweka brashi chini, na anasubiri kikauke kabla ya kugusa njano.