Mchoraji na kimya cha vilima vya Chyulu

MSAFIRI anayetoka Emali kuelekea Mombasa huviona vilima vya Chyulu upande wake wa kulia, vimelala chini ya anga kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba. Hakuna kinachotukia pale, na ndiyo sababu mandhari hayo humtia mchoraji mtihanini: atachora nini pasipo na tukio?

Kwa mbali vilima hivyo ni vya samawati, ingawa anayevipanda hukuta nyasi na majivu meusi ya volkeno. Vumbi na unyevu ulio kati ya jicho na kilima hutawanya mwanga, na kadiri umbali unavyozidi ndivyo rangi zinavyofifia. Mchoraji stadi huifuata kanuni hiyo. Wekundu wa udongo na weusi wa vivuli vya migunga huviweka karibu, kisha hupunguza nguvu ya rangi hatua kwa hatua hadi kilima cha mwisho kikaribie kufanana na mbingu. Akikipaka kilima hicho rangi nzito, picha nzima hujaa kelele.

Wakati nao una neno. Jua la adhuhuri hufuta vivuli. Kwa hivyo wengi huchora alfajiri au magharibi. Kiangazi hutandaza ukungu wa vumbi, ilhali baada ya mvua za Novemba hewa huoshwa na vilima huonekana kama vimesogea.

Kazi ngumu zaidi ni kuacha. Picha nyingi za watalii huongezwa tembo na kilele cha Kilimanjaro (tembo, bila shaka, huuzika upesi kuliko nyasi), na utulivu ukatoweka.

Aliyeingia Chyulu kwa njia tofauti kabisa ni Joy Adamson, ambaye wengi humjua kwa kisa cha simba Elsa. Mnamo 1938, kabla ya kuitwa Adamson, alifuatana na mumewe wa wakati huo, mtaalamu wa mimea Peter Bally, katika msafara wa Makavazi ya Coryndon vilimani humo. Bally alimhimiza achore mimea iliyokuwa ikikusanywa. Joy hakushughulikia upeo wa macho; aliinama. Ua moja, shina lake, majani yake, vyote kwa rangi za maji. Kazi ya namna hiyo haingoji, kwani ua likinyauka rangi yake halisi hupotea, na sampuli iliyokaushwa haiwezi kuirejesha. Mwaka 1947 michoro yake ya mimea ilimpatia nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza.

Chyulu haina mto wa kudumu. Mvua na ukungu unaonaswa na misitu ya vileleni hupenya katika miamba yenye vinyweleo na kuibuka chemchemi za Mzima, ambazo maji yake yamekuwa yakinyweka Mombasa tangu miaka ya 1950. Misitu hiyo imeandamwa na mioto na uchomaji makaa, hata baada ya sehemu ya vilima kutangazwa mbuga ya kitaifa mwaka 1983.

Michoro mingi ya mimea ya Joy imehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Anayetaka kujua ua fulani lilikuwa na rangi gani likiwa hai anaweza kuanzia hapo.