Kutafuta Ringi za Pikipiki ya Zamani

Aliye na pikipiki ya zamani, mathalani BSA M20 iliyotumiwa sana na jeshi la Uingereza katika vita vya 1939 hata 1945, hana budi siku moja kutafuta ringi mpya, kwani kutu hula chuma chini ya tairi pasipo kuonekana. Wengi hudhani yatosha kumwambia muuzaji, “Nataka ya inchi 19.” Haitoshi. Inchi hizo hupimwa pale tairi linapokaa, wala si ukingoni kwa nje. Tena uko upana, nao wa inchi 1.85 huandikwa WM2.

Lakini jambo kubwa ni matundu. Kila tundu hutobolewa kwa mshazari, likiielekea habu. Sisi tulinunua ringi ya matundu 40, idadi ile ile ya spoki zetu, tukafurahi. Kumbe ilitobolewa kwa habu nyingine. Spoki zilipinda shingoni. Fundi akakaza, nasi tukanyamaza. Mwezi haujaisha, tukishuka mlima tumempakia mama mzee, zikakatika nne, gurudumu likayumba. Tulisimama majanini, wazima.

Basi, ndugu, usikate spoki kuukuu kabla ya kupima. Laza rula juu ya uso wa habu, upime hata ukingo wa ringi, uandike. Maana ringi haikai katikati sikuzote. Kisha mpelekee mtengenezaji ringi mbovu pamoja na habu yake, atoboe ringi isiyo na matundu kwa kuzifuata. Gharama yazidi, walakini sisi tumelipa mara mbili.