Castlereagh: Aliyeaminiwa Ugenini, Akachukiwa Kwao

Robert Stewart, anayefahamika zaidi kwa cheo chake cha Lord Castlereagh, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza kuanzia 1812 hadi alipojiua Agosti 1822. Watawala wa Ulaya walimwamini. Lakini nyumbani Uingereza, jeneza lake lilipofikishwa Westminster Abbey, baadhi ya watu walishangilia. Wengi husema alichukiwa kwa sababu alikuwa mkimya na msemaji mbovu bungeni. Mimi naona sababu ni namna yake ya kazi: kumaliza mambo na wakubwa, faraghani.

Ilianzia Ireland. Alizaliwa Dublin mwaka 1769, na uasi wa 1798 ulipozimwa kwa damu, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kulishawishi bunge la Dublin lijivunje ili kisiwa kiungane na Uingereza. Mwaka 1799 wabunge walikataa. Mwaka uliofuata wakakubali, baada ya kugawiwa vyeo, ajira na malipo. Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi, walitumainishwa kwamba baada ya muungano wataruhusiwa kuwa wabunge. Mfalme George III akakataa katakata. Castlereagh alijiuzulu pamoja na Waziri Mkuu Pitt, na hilo ni la heshima, lakini muungano ulibaki na tumaini likafa.

Ulaya, namna hiyohiyo ilimfaa sana, kwa kuwa kila mwenye jeshi alikuwa mezani. Mapema 1814 alifunga safari mwenyewe hadi kwenye kambi za waliopigana na Napoleon. Machi, huko Chaumont, nchi yake ilikubaliana na Urusi, Austria na Prussia: kila moja itoe askari 150,000, asiwepo wa kufanya amani peke yake, na Uingereza ichangie pauni milioni 5. Baada ya ushindi, wapo waliotaka Ufaransa imegwemegwe. Alipinga, kwa hoja kwamba taifa lililodhalilishwa litatafuta kisasi. Kwangu, huo ndio uamuzi wake bora kuliko yote.

Hata hivyo, mkataba wa Paris wa Mei 1814 uliiachia Ufaransa biashara ya watumwa kwa miaka 5 zaidi. Safari hii walioachwa nje walipaza sauti: mamia ya maombi yalimiminika bungeni kutoka kwa Waingereza wa kawaida. Castlereagh akaenda kwenye mkutano wa mataifa wa Vienna akiwa amebanwa, na Februari 1815 akapata tamko la kuilaani biashara hiyo, ingawa halikuweka tarehe ya kuikomesha. Pwani yetu ya Afrika Mashariki iliguswa polepole. Mwaka 1822, wiki chache baada ya kifo chake, Kapteni Moresby wa jeshi la majini la Uingereza alipata mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, uliokataza kuwauzia Wakristo watumwa. Soko la Zanzibar halikufungwa hadi 1873.

Nyumbani hakujifunza. Agosti 1819, askari wa farasi waliushambulia umati uliokusanyika Manchester kudai haki ya uwakilishi bungeni, wakaua na kujeruhi. Castlereagh aliitetea serikali bungeni, kisha akasimamia sheria sita za kubana mikutano na magazeti. Hakuzitunga peke yake, lakini hakusita.

Kwa upatanishi wa mataifa, simwoni Mwingereza wa kizazi chake aliyemzidi. Kwa yaliyowapata watu wa Ireland na Manchester, lawama anastahili.