Magari Makongwe Katika Njia za Udongo

Katika mji wa Angoulême, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ipo desturi iliyoanza mwaka 1939 ya kuzifunga njia zinazozunguka kuta za kale za mji ili magari ya mashindano yafukuzane humo, hatua chache tu kutoka milangoni mwa watu. Na kule Monaco, tangu mwaka 1997, magari yaliyokwisha kustaafu hurejeshwa katika mzunguko ule ule wa mitaani yalikopatia umaarufu. Mkaazi wa Muthara, huku Tigania Mashariki, ambaye mwendo wa kasi aujuao ni ule wa pikapu za miraa zinazowahi soko kabla majani hayajanyauka, huenda akasema hayo ni anasa za matajiri wa Ulaya. La hasha: Afrika Mashariki nayo ina mbio za magari makongwe, tena zenye sifa duniani, ila hizi zetu hazikuzaliwa mitaani.

Asili yake ni Mei 1953, wakati wa sherehe za kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yalipotumwa kuzizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa barabara za umma ambazo hazikufungwa, zenye ng'ombe, malori, vumbi na, mvua ikinyesha, tope la kumeza magurudumu. Mwaka 1960 mashindano yakaitwa East African Safari. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaondoka 93 yakamaliza saba vilevile, na ajabu ni kwamba mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo iliyokwisha tumika, akarudia mwaka 1974 na 1976, na jina lake likawa la nyumbani kwa wengi ambao hawakupata kumwona.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Dereva wa mitaani huzunguka kona zile zile mpaka azihifadhi moyoni, hali dereva wa Safari, akiishika barabara ya zamani ya Embu kwenda Meru, inayotumbukia na kupanda katika kila bonde la mto utokao Mlima Kenya, hana budi kumwamini mwenziwe msoma ramani, na kumwomba Mungu kwamba ng'ambo ya kona hakuna gari la mizigo lililoharibika.

Mwaka 2003, ilipotimia miaka hamsini, yakaanzishwa mashindano ya Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani, yale yanayosukumwa na magurudumu mawili tu. Ian Duncan wa Kenya ameshinda mwaka 2009 na 2013. Naye Björn Waldegård, Msweden aliyeshinda Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1977, alirudi akashinda hii ya wakongwe mwaka 2011 katika Porsche 911, mwanawe Mathias akiwa kando yake. Ukilisogelea gari la namna hii utakuta bamba nene la chuma limefunika tumbo lake, vyuma vya kukinga ng'ombe mbele, na springi zilizoinuliwa kupita kimo alichokusudia mtengenezaji. Mafundi hulipokea mwisho wa kila siku, hulitia jeki, hung'oa shokabsoba zilizochemka na kufunga nyingine, wakifanya kwa dakika chache kazi ambayo gereji zetu huchukua mchana kutwa.

Wapo wanaotamani mashindano ya mitaani hapa kwetu. Mimi, kwa kauli yangu, siyatamani. Kufunga barabara za mji wa Meru siku nzima, matatu zisipite na mama wa sokoni wasishushe ndizi zao, ni ghali kuliko burudani yenyewe, na mtazamaji atabaki nyuma ya uzio. Katika njia ya udongo husimama kwenye ukingo wa shamba lake, mbali na ukingo wa barabara akiwa na busara, na hadaiwi kiingilio.