Kombe la Afrika kila baada ya miaka minne: Nani atafaidi, nani ataumia?

KWA zaidi ya nusu karne, mashabiki wa kandanda barani Afrika wamezoea kuhesabu miaka miwili miwili. Timu ya taifa ikibanduliwa leo, mashabiki hujiliwaza kwamba haitachukua muda mrefu kabla ya safari nyingine kuanza. Liwazo hilo sasa linaelekea kutoweka.

Mnamo Desemba 20, 2025, siku moja kabla ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kung'oa nanga nchini Morocco, Rais wa Shirikisho la Soka Barani Afrika (CAF), Patrice Motsepe, alitangaza jijini Rabat kwamba kuanzia 2028 kipute hicho kitakuwa kikiandaliwa kila baada ya miaka minne. Ili kuziba pengo litakaloachwa, ligi mpya ya mataifa itakuwa ikichezwa kila mwaka kuanzia 2029. Mshindi wa fainali za Morocco naye aliongezewa zawadi kutoka dola milioni 7 hadi milioni 10.

Wazo lenyewe si geni. Rais wa Shirikisho la Soka Duniani (FIFA), Gianni Infantino, alilitoa mjini humo humo Rabat mapema mwaka wa 2020, na wakati huo wakuu wengi wa soka ya Afrika walilipokea shingo upande. Yapasa kuuliza ni kipi kilichobadilika katika miaka hiyo mitano.

Jibu la kwanza ni kalenda. Kombe la Afrika limehamishwa mara nyingi mithili ya mpangaji asiye na mkataba. Mwaka wa 2013 lilitolewa kwenye miaka ya shufwa ili lisigongane na Kombe la Dunia, ndipo likachezwa miaka miwili mfululizo, 2012 na 2013. Mnamo Julai 2017, CAF iliamua liwe la Juni na Julai ili kuwaridhisha waajiri wa wachezaji huko Ulaya. Uamuzi huo ulifanya kazi mara moja tu, nchini Misri mwaka wa 2019. Cameroon na Ivory Coast zilipopokea zamu zao, miezi hiyo ilikuwa ya mvua kubwa, na mashindano yakarudi Januari. Morocco nayo ilipotarajiwa kuandaa katikati ya 2025, FIFA ilikuwa imeutwaa msimu huo kwa Kombe la Dunia la Klabu lenye timu 32 nchini Marekani. Afrika ikasogezwa hadi Krismasi.

Kwa klabu za Ulaya, kumwachilia mshambulizi wake tegemeo katikati ya msimu ni hasara. Kwa mchezaji mwenyewe ni mtihani: akienda huenda akapoteza nafasi yake kikosini, asipoenda ataitwa msaliti nyumbani. Wanaounga mkono mpango mpya wanasema kuitwa huko mara moja katika miaka minne kutapunguza mivutano hiyo. Hoja hiyo ina uzito, ingawa ni ajabu kwamba kila mara kalenda inapobana, Afrika ndiyo inayoombwa isonge.

Suala la pili ni ukubwa wa mashindano. Kombe hili lilianza Khartoum mwaka wa 1957 kwa timu tatu: Misri, Sudan na Ethiopia. Afrika Kusini, iliyokuwa miongoni mwa waasisi, haikucheza kwa sababu ya siasa zake za ubaguzi wa rangi. Timu zikawa nane mwaka wa 1968, 12 mwaka wa 1992, 16 mwaka wa 1996 na 24 mwaka wa 2019. Kutoka timu 16 hadi 24, idadi ya mechi ilipanda kutoka 32 hadi 52.

Upanuzi huo uliifaa sana Afrika Mashariki. Mwaka wa 2019, Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi zote zilikuwa Misri, jambo ambalo halikuwahi kushuhudiwa. Harambee Stars ilikuwa ikirejea baada ya miaka 15, Taifa Stars ya Tanzania baada ya miaka 39, nayo Burundi ilikuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza. Madagascar, mgeni mwingine, iliilaza Nigeria 2-0 na kufika robo-fainali. Waliodai kwamba timu ndogo zingeshusha hadhi ya mashindano walinyamaza kwa muda.

Hata hivyo, mfumo wa timu 24 una kasoro ambayo Wakenya waliionja wenyewe. Timu hugawanywa katika makundi sita ya timu nne nne. Mbili za kwanza katika kila kundi husonga mbele, kisha nafasi nne zinazosalia hupewa timu bora miongoni mwa zile sita zilizomaliza za tatu. Yaani hatua nzima ya makundi yenye mechi 36 huchezwa ili kuondoa timu nane tu. Isitoshe, timu ya kundi la mapema hulazimika kukaa hotelini ikisubiri matokeo ya mechi zisizoihusu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa vijana waliokuwa chini ya nahodha Victor Wanyama. Walishindwa na Algeria 2-0, wakaibwaga Tanzania 3-2 kupitia mabao mawili ya Michael Olunga na moja la Johanna Omolo, kisha wakachapwa na Senegal 3-0 mnamo Julai 1. Walimaliza wa tatu wakiwa na alama tatu na upungufu wa mabao manne. Siku iliyofuata macho ya Wakenya yalikuwa kwa Benin, iliyokuwa ikicheza na Cameroon. Benin ilitoka sare tasa, ikafikisha alama tatu kwa sare tatu, ikapita. Kenya ikafunga virago. Benin hiyo hiyo iliiondoa Morocco kwa penalti na kufika robo-fainali bila kushinda mechi hata moja ndani ya muda wa mchezo.

Kinyume chake kilitokea Ivory Coast mapema 2024. Wenyeji hao walinyukwa 4-0 na Equatorial Guinea mbele ya mashabiki wao, wakamfuta kazi kocha Jean-Louis Gasset, wakapenya kama timu ya tatu, na chini ya Emerse Faé wakatwaa kombe kwa kuilaza Nigeria 2-1. Nchini Morocco, Tanzania iliingia hatua ya 16-bora kwa alama mbili pekee. Mtu anaweza kuyaita hayo maajabu ya soka au ulegevu wa kanuni. Ukweli ni kwamba yote mawili yamo.

Sasa mlango uliopanuliwa mwaka wa 2019 utakuwa ukifunguliwa mara chache zaidi, na hapo ndipo mataifa yasiyo na uhakika wa kufuzu yanapaswa kuwa na wasiwasi. Senegal na Misri hukosa kwa nadra. Kenya, hata kwa nafasi 24, haikufuzu kwa fainali za Ivory Coast wala za Morocco. Kwa zile za Morocco ilimaliza nyuma ya Cameroon na Zimbabwe. Katika mpango wa zamani, kukosa mara moja kulimaanisha kungoja miaka miwili zaidi. Katika mpango mpya, anayekosa mara moja atakaa miaka minane kati ya fainali moja na nyingine. Mchezaji mwenye miaka kumi ya kuitumikia nchi alikuwa na nafasi tano za kujaribu. Atabaki na mbili, au tatu akibahatika.

CAF inajibu kwamba ligi ya kila mwaka itayapa mataifa yote mechi za ushindani, badala ya zile za kirafiki ambazo hazina mnunuzi. Ulaya ilianza mpango kama huo mwaka wa 2018. Kwa timu ndogo, kucheza na za kiwango chake mara kwa mara kunaweza kuwa na faida kuliko kungoja kupigwa na vigogo.

Swali ni la viwanja na fedha. Septemba 2024, Kenya ililazimika kuikaribisha Zimbabwe jijini Kampala kwa sababu haikuwa na uwanja uliokubaliwa na CAF. Mataifa mengi yako katika hali hiyo, na safari za ndege barani ni ghali hata kwa mashirikisho yenye uwezo. Isitoshe, AFCON ndiyo inayoingiza sehemu kubwa ya mapato ya CAF kupitia haki za matangazo na udhamini. Ligi mpya itabidi iuzwe sokoni kabla mtu yeyote hajajua kama watazamaji wataipenda.

Kwa Kenya, Uganda na Tanzania, zilizokabidhiwa uenyeji wa pamoja wa fainali za 2027 mnamo Septemba 2023, tangazo la Rabat liliziacha kuwa waandalizi wa mwisho wa kombe la mtindo wa zamani. Kenya haijasahau kwamba ilipokonywa fainali za 1996, zikaenda Afrika Kusini, na zile za CHAN za 2018, zikaenda Morocco. Agosti 2025 ilifuta sehemu ya aibu hiyo ilipoandaa CHAN pamoja na majirani zake, fainali ikichezewa Kasarani. Uwanja mpya wa watu 60,000 ulioanza kujengwa eneo la Jamhuri, Nairobi, mwaka wa 2024 ulikusudiwa fainali za 2027. Baada ya hizo na za 2028, zitakazofuata ni za 2032. Kijana wa Kenya aliyekuwa na umri wa miaka 17 siku ya tangazo la Motsepe atakuwa akikaribia miaka 24 kufikia wakati huo.