Trisikle ya mtoto iliyotupwa: ngozi inaenda wapi, na nini kinaitangulia

Wandugu, tangu nilipoweka hapa picha ya ile trisikle yenye kiti cha ngozi, swali mingi ni moja: ngozi unaitoa wapi na unaishona namna gani? Nitajibu yote mawili. Lakini ngozi njo inakuja mwisho. Kitu cha kwanza cha kuangalia kwa trisikle ya okazio, zile za chuma zinazofika Bukavu ndani ya mizigo ya Ulaya na kuishia kwa wauza vyuma, ni rangi yake. Mtoto wa miaka 3 anashika gido, kisha anatia vidole kwa mdomo.

Rangi za zamani, hasa nyekundu na manjano, nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ile plombu tuliyosoma katika kemia, Pb. Marekani ilizikataza kwa nyumba na kwa vitu vya kuchezea mwaka 1978. Kwa hiyo trisikle ya chuma iliyotengenezwa mbele ya hapo, uihesabu kuwa nayo mpaka ipimwe. OMS inasema wazi kwamba hakuna kipimo cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kinachoumizwa kwanza kwa mtoto ni ubongo. Hauoni homa, hauoni kidonda. Unaona tu baadaye mtoto anayeshindwa shuleni, na watu wanasema ni mvivu.

Njo maana rangi ya zamani haikwaruzwi ikiwa kavu, na haichomwi na moto ili itoke. Unailowesha, unatumia msasa wa maji, ile papie vere nyeusi, unapangusa na kitambaa kila mara. Vitambaa na tope lake vinaingia ndani ya kopo lenye kifuniko. Usimwage maji yale pembeni ya lengalenga za mama. Watoto wawe mbali, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake. Rangi mpya, uliza muuzaji kama haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa na OMS na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ni kisichopita sehemu 90 kwa milioni. Kama kopo haisemi kitu na muuzaji hajui, tafuta kopo lingine.

Kutu haina siri mingi. Vipande vidogo unavilaza ndani ya maji ya ndimu usiku mzima, unasugua na brosi ya waya, unasuuza na maji yenye bikarbonate ili asidi iishe, unakausha haraka, unapaka antiruye siku ile ile. Ukichelewa mpaka kesho, kutu inarudi, na kwa mvua zetu haichelewi.

Kisha uangalie gurudumu ya mbele. Trisikle ya mtoto haina mnyororo: pedali na gurudumu vimefungwa pamoja kwa chuma kimoja. Tundu lenye pembe katikati ya gurudumu likilika na kuwa duara, mtoto anakanyaga na gurudumu haisogei. Hapo unapeleka kwa fundi wa kusudire, hakuna gundi itakayoshika. Na kwa kuwa vimefungwa pamoja, kwa mteremko pedali zinazunguka zenyewe na hakuna freni. Munajua miteremko ya Bukavu. Mimi simpi mtu trisikle kama parsele yake haina sehemu ya tambarare yenye ukuta ao lupango. Kuko waliokasirika juu ya hiyo.

Sasa ngozi. Inafaa mahali ambapo mwili wa mtoto unagusa chuma: kiti na mishiko ya gido. Nimeona watu wanaifunika hata fremu nzima. Inapendeza kwa picha, lakini chini ya ngozi maji yanabaki na chuma inaoza bila wewe kuiona.

Kuko ngozi za namna mbili. Ya kwanza imetengenezwa kwa tanini ya magome ya miti. Ya pili kwa chumvi za kromu. Ya kromu ni laini, njo hiyo ya masakoshi mingi na viatu vya leo. Ya magome ni ngumu kidogo na inashika umbo unaloipa. Ukiikata, ndani ni kahawia, na ya kromu mara nyingi ni kijivu yenye kuelekea buluu. Lakini rangi za kiwandani zinadanganya, basi fanya hivi: kata kipande sawa ukucha, kitie katika maji yanayochemka. Ya magome itajikunja, itapungua na kuwa ngumu. Ya kromu itabaki karibu vile ilivyokuwa.

Wengine wanapima kwa kuchoma na kiberiti. Waache. Kromu iliyo ndani ya ngozi ni ya valensi 3, haina ubaya mkubwa. Ikichomwa inaweza kugeuka kuwa kromu 6, ambayo ni sumu na inaleta kansa. Hata mabaki ya ngozi kuwashia mbabula ni hatari ile ile. Ulaya, tangu 2015, ngozi inayogusa mwili haitakiwi kupita miligramu 3 za kromu 6 kwa kilo. Sisi hatuna laboratwari ya kupima kwa kila kordoniye. Kwa hiyo kwa mishiko, ambayo mtoto ataitafuna (ataitafuna, usijidanganye), ninatumia ya magome peke yake. Ninaipata kwa kartable za zamani za ngozi, kwa mikanda mipana ya okazio, na kwa mabaki ya makordoniye wanaokata nyayo za viatu.

Tanini ina adui mmoja, chuma. Vikikutana na maji kati yao, vinatoa rangi nyeusi isiyofutika. Wino wa zamani ulitengenezwa hivyo. Ukitaka kiti cheusi ni bahati: weka misumari yenye kutu ndani ya siki siku kadhaa, paka yale maji, ngozi inageuka mbele ya macho yako. Usipotaka, bati ya kiti ipakwe rangi na ikauke kabisa kwanza, na riveti ziwe za shaba. Ninazikata kwa waya nene ya umeme na kuziponda na nyundo juu ya rondele. Sisi wa inchi ya shaba hatuna haja ya kuagiza riveti mbali.

Kiti kinataka ngozi ya milimita 3 hivi. Unailoweka katika maji ya kawaida mpaka mapovu yaishe kutoka, unaivuta juu ya bati, unaifunga na kamba, unaacha kivulini siku moja ao mbili. Jua na mbabula vinaiunguza. Ikikauka imeshika sura ya kiti, unakata kingo.

Tundu za kushona ninazipima na kanya ya mezani: unaikandamiza kwa ukingo, meno yake yanaacha alama zenye nafasi sawa, kisha unatoboa na msharasi. Uzi, mara 4 ya urefu wa mshono, upakwe nta ya nyuki, sindano moja kila mwisho. Sindano zote mbili zinapita ndani ya kila tundu, moja toka kuume, moja toka kushoto. Kwa mashine, uzi ukikatika mahali pamoja mshono unaweza kufunguka wote. Kwa sindano mbili, mwenzake anabaki ameshika.

Mishiko ni hesabu ya shule ya msingi. Bomba la milimita 22 mara 3.14 ni 69. Kata ngozi nyembamba ya upana huo huo, usiongeze kitu, ilowe kidogo, ivute na kuishona kingo kwa kingo, mshono ukiangalia chini. Ikikauka inabana. Mwisho ni nta tu. Siraji ya viatu hapana, mawese hapana.

Ngozi peke yake inanichukua siku mbili, bila kuhesabu kukauka. Kwa wale wanaotafuta projet: bei ya siku hizo haiwezi kushindana na trisikle ya plastiki kutoka China, na mzazi ana haki ya kuchagua. Wenye kunilipa ni wengine. Ni wale watu wazima wenye ulemavu wanaoendesha trisikle za mkono, sawa wale ambao kwa miaka mingi wamevusha mizigo kwa petite barrière ya Goma. Wao wanazungusha mishiko ile siku nzima na kukaa kwa kiti kile siku nzima, na plastiki iliyopasuka inawachuna viganja. Ngozi ni ile ile, mshono ni ule ule, ila mshiko wao unazunguka: unaushonea juu ya bomba dogo linalozunguka kwa ekseli yake, hauushonei kwa ekseli yenyewe. Jozi moja ni kazi ya nusu siku.