Maumivu Yanayohamahama

Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Damu inatosha, sukari iko sawa, picha ya eksirei haina kasoro. Mgonjwa anakunja karatasi za majibu na kuzitia mkobani, lakini mwili mzima unamuuma: jana mabega na shingo, leo kiuno na mapaja, na vidole vimeamka vimekakamaa hata kufunga vifungo vya blauzi ni kazi. Wengi wenye fibromialjia wameanzia hapo. Si ajabu mtu akazunguka hospitali miaka kadhaa, akimeza dozi za malaria ambayo hana, kabla ya kukutana na daktari anayelitaja jina lenyewe.

Fibromialjia ni ugonjwa wa kudumu wa maumivu yaliyosambaa mwilini, yanayoandamana na uchovu usioondoka hata mtu akilala. Hukadiriwa kuwapata watu 2 hadi 4 katika kila 100, wanawake wakiwa wengi zaidi ya wanaume. Hauambukizi. Hauli mifupa wala hauvimbishi viungo kama baridi yabisi, ndiyo maana vipimo vya kawaida vinapita bila kuona kitu.

Tatizo liko katika namna mishipa ya fahamu na ubongo vinavyoshughulikia taarifa za maumivu, mithili ya redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwabana watu kwenye kucha ya dole gumba huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine ya MRI. Mbano mdogo tu uliamsha kwa wagonjwa sehemu za ubongo ambazo kwa watu wazima wa afya ziliamka walipobanwa kwa nguvu karibu maradufu. Aliyekuwa akisema wagonjwa hawa wanajitungia alikuwa na picha za kujibu.

Lakini maumivu ni mwanzo tu wa orodha. Kuna ganzi na michomo mikononi na miguuni, kichwa kuuma, taya kukaza, tumbo kujaa gesi na kuharisha leo, kesho choo kigumu. Wengine hawastahimili mwanga mkali, kelele za spika au harufu ya manukato. Mguso ambao mwingine hausikii, wao unawaumiza: mshipi wa sidiria begani, mtoto anayerukia mapajani, kukaa chini kusukwa nywele huku kila mvuto wa kitana ukienda hadi shingoni. Kuna pia ukungu wa kichwani. Mtu anasimama katikati ya jikoni asikumbuke alifuata nini, au katikati ya sentensi neno alilolitumia maisha yake yote linamkimbia. Wapo wanaosema heri maumivu kuliko huo ukungu, hasa wale ambao kazi yao ni hesabu au kufundisha.

Kwa kuwa dalili zinahama, mgonjwa naye anahamishwa: tumbo kwa daktari huyu, kichwa kwa yule, ganzi kwa wa tatu. Kila mmoja anatibu kipande chake.

Usingizi ni mlango mwingine wa kuuelewa ugonjwa huu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwakatiza vijana wenye afya usingizi mzito kwa usiku kadhaa bila kuwaamsha kabisa. Vijana hao walianza kulalamika misuli kuuma na mwili kuchoka. Mwenye fibromialjia anaweza kulala kwa saa nane akaamka kama aliyebeba magunia usiku kucha, na mwili ambao haukupumzika unauma zaidi. Usiku unaofuata maumivu hayo hayo yanamnyima usingizi.

Zamani utambuzi ulitegemea vidole vya daktari. Vigezo vya mwaka 1990 vilitaja sehemu 18 za kubonyeza, na mgonjwa alitakiwa kuumia katika 11. Tangu mwaka 2010 madaktari wanaweza kuhesabu maeneo yanayouma kati ya 19 ya mwili, kisha kupima uzito wa uchovu, usingizi usioburudisha na ukungu wa kichwani, mradi hali hiyo imedumu miezi mitatu au zaidi. Vipimo vya damu bado vinahitajika, kwani tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, lupasi na baridi yabisi vinaweza kuleta malalamiko yanayofanana.

Umaarufu haumkingi mtu. Mwanamuziki Lady Gaga alionekana akihangaika na maumivu katika filamu ya maisha yake iliyotoka mwaka 2017, akikandwa na kuhudumiwa na watu wake. Februari 2018 alisitisha maonyesho 10 ya mwisho ya ziara yake ya Ulaya. Yeye ana wa kumkanda. Mama mwenye duka au mwalimu wa shule ya kata anarudi nyumbani kukiwa na ndoo za kujaza na chakula cha kupika, na kazini kupata ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika) kwa ugonjwa usioonekana kwenye karatasi si rahisi. Kisha anaulizwa: “Mbona jana ulikuwa mzima?” Jana kweli alikuwa na nafuu, na hapo ndipo wengi wanapojiumiza: siku ya nafuu wanafua nguo zote, wanadeki, wanakwenda sokoni, halafu maumivu yanachachamaa wanalala siku mbili. Wanaoishi vizuri zaidi na hali hii hujifunza kugawa kazi na kupumzika kabla ya kuchoka. Kwa jirani hilo huonekana kama kudeka.

Dawa ya kuuponya haipo. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, duloksetini na pregabalini huwasaidia baadhi. Diklofenaki na wenzake, zinazonunuliwa kirahisi duka la dawa, hazifui dafu hapa, na zikimezwa miezi mfululizo zinaweza kuchubua tumbo na kudhuru figo. Mwaka 2017 wataalamu wa magonjwa ya viungo wa Ulaya walipitia ushahidi wa tiba mbalimbali, na moja tu waliipa pendekezo lenye nguvu: mazoezi. Hata hivyo kumwambia mtu anayeumwa mwili mzima akakimbie ni kumtesa. Huanza kwa dakika tano au kumi za kutembea, akaongeza polepole kwa wiki, si kwa siku.

Jina la ugonjwa likishapatikana, kuna hatari ya kulitupia kila kitu. Kirsty Young, mtangazaji wa BBC aliyeacha kipindi cha Desert Island Discs mwaka 2018 kwa sababu ya fibromialjia, baadaye alieleza kwamba ana baridi yabisi pia. Magonjwa hayo mawili huweza kumkaa mtu mmoja, na baridi yabisi ina dawa zake za kuzuia viungo visiharibike. Kwa hiyo kiungo kikivimba, homa ikipanda au uzito ukipungua bila sababu, mgonjwa arudi kupimwa, hata kama faili lake tayari limeandikwa fibromialjia.